Mwanamke wa Mashine ya Gololi

Kisii mjini
3 Februari 2025

Kwa Tata Masese,

Salamu nyingi. Nakuita Tata, baba, kwa kuwa wewe ni rika la baba yangu. Huenda hunikumbuki. Mimi ni Maureen, kitinda mimba wa Ongeri wa Mosocho, yule aliyekuwa na baa karibu na Daraja Mbili kabla hajabatizwa. Siku tulipomzika baba mwaka jana nilikuona umesimama nyuma ya hema, mtu akaninong'oneza, "Yule ndiye Masese, fundi wa mashine za baba yako." Nimepata habari zako kwa Nyakundi mwenye duka hapo Nyaramba. Ameniambia nisikupigie simu, maana husikii vizuri, na usiposikia unakasirika na kuikata. Kwa hiyo naandika, na barua zangu zitapitia dukani kwake.

Tunamfanyia baba ukumbusho Jumapili ya mwisho ya Machi. Tulimuuliza mama angependa nini siku hiyo. Tulitegemea aseme kwaya, au kaburi lijengewe vizuri. Akasema, "Nataka kuiona mashine ya baba yenu ikiwaka." Tulitazamana sote. Mama ni shemasi wa kanisa, na ile mashine ya gololi, mchezo wa kurusha kijiwe cha chuma kwa vibonyezo, ilikuwa ya baa. Tangu baba aihamishie nyumbani imekaa stoo chini ya blanketi, na mama hajawahi kuisogelea hata kwa ufagio. Lakini amesema, na sisi hatukuuliza sababu.

Basi nimeileta kwangu mjini. Haron fundi wa redio ameamsha kengele, taa na zile namba zinazozunguka. Shida ni kioo, kile kikubwa kinachosimama juu, chenye picha ya sarakasi: tembo, mzungu mwenye tarumbeta, mwanamke ameshika mwavuli. Rangi iliyo nyuma yake inajikunja na kuanguka. Kila nikikigusa vidole vinabaki na unga wa rangi. Nina duka la dawa, Tata, na mkono wangu ukiona uchafu huenda kwenye spiriti wenyewe. Nilichovya pamba nikapangusa pembe moja. Nyota zilizokuwa pale ziliondoka na pamba.

Niambie la kufanya kabla sijammaliza na tembo.

Ni mimi kwa heshima,
Maureen Nyakerario


Nyaramba
10 Februari 2025

Mwanangu Maureen,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua ninyi ni Wasabato, lakini itikia tu, hakuna anayekuona.

Nakukumbuka. Ulikuwa ukiletwa baa mchana, kabla walevi hawajaamka, unawekwa juu ya kreti ya soda ili ufikie vibonyezo. Pole tena kwa baba yako. Huyo Nyakundi mwambie masikio yangu hayakufa kwa uzee. Yaliliwa na kengele za mashine kama hiyo uliyo nayo.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo spiriti irudishe dukani ukawauzie wagonjwa. Kioo cha namna hiyo hupakwa rangi kwa nyuma, na hupakwa kinyume. Kwenye ukuta unaanza na ukuta, unamalizia na macho ya mtu. Kwenye kioo unaanza na mboni ya jicho, unafuata jicho, unafuata shavu, mbingu inakuja mwisho. Anayetazama kwa mbele anaona kile kilichotangulia. Kwa hiyo ukisugua nyuma husugui uchafu. Unamsugua mtu mgongo mpaka anakufa.

Tandika blanketi juu ya meza, ulaze kioo uso chini na mgongo juu, mahali pa kivuli penye hewa. Usitie maji wala sabuni. Usitie selotepu, hata mtu akikuapia. Vumbi litoe kwa ile brashi mnayojipakia poda, laini kabisa, na usilazimishe. Ukishamaliza, nunua vanishi angavu ya kopo, ile ya kupuliza. Ijaribu kwanza hapo ulipofuta nyota. Ikikubali, puliza ukiwa umesimama mbali, kidogo kama umande kwenye majani chai, uache ikauke, upulize tena. Anayepuliza nyingi kwa mara moja huyeyusha kila kitu. Vipande vilivyojikunja usivibonyeze vilale, vitavunjika. Vikitaka kusimama na vikae vimesimama, mradi visianguke. Na zile balbu za zamani Haron azitoe zote, aweke za kisasa zisizotoa joto. Hizo balbu ndizo zilizoipika rangi.

Jambo la mwisho. Uso wa yule mwanamke wa mwavuli si wa kiwandani. Wa kiwandani ulianguka zamani, nikapaka mwingine mimi. Utaona mkono ni tofauti. Hapo usifanye chochote, puliza vanishi upite.

Baba yako,
Masese Ondieki


Kisii mjini
19 Februari 2025

Kwa Tata Masese,

Asante sana. Nimefanya kama ulivyosema na vanishi imekubali. Tembo amepona. Mzungu wa tarumbeta amepungukiwa sikio moja, lakini hilo lilianguka kabla yangu. Nimekutumia picha pamoja na barua hii uone.

Sasa nataka kukuuliza kuhusu ule uso, na sijui niulize vipi bila kukosa adabu.

Nilipokisimamisha kioo na kuweka taa nyuma yake, niliona kwamba mwanamke yule si mzungu. Wenzake wote wana nywele za manjano. Yeye ni Mwafrika, msichana mzuri, nywele zake nyeusi ziko wazi, anatabasamu kidogo kama mtu aliyekatazwa kucheka. Ana alama nyeusi shavuni, ndogo kama punje ya wimbi. Hakuna fundi anayeweka alama ya namna hiyo kwa kubuni. Huyo ni mtu.

Mama ana alama kama hiyo, unajua, lakini ya mama iko shavu la kulia. Ya huyu iko la kushoto. Nimemtazama mama vizuri Sabato iliyopita ili nisikosee.

Nilipokuwa shule ya msingi nilimsikia mama akimwambia shangazi, "Mwache na yule mwanamke wake wa kwenye kioo." Nilidhani ni maneno ya hasira tu. Sasa sijui. Jamaa mmoja wa Nairobi anayekusanya michezo ya zamani ameniambia anao uso halisi wa mashine hii, anaweza kuuchapa kwenye karatasi angavu nikaubandika kwa nyuma. Ila itabidi ule wako utoke kwanza.

Sikuulizi jambo ambalo mtoto haulizi. Niambie tu kama uso ule una sababu ya kubaki.

Maureen


Nyaramba
27 Februari 2025

Mwanangu,

Picha nimeziona. Kazi nzuri. Ungezaliwa mapema ningekuajiri, na ungekula rangi kama wanafunzi wangu wengine.

Huku mvua imechelewa, majani chai yamesimama tu yanatutazama. Mke wangu Emily anakusalimu. Anasema nikiandika barua natoa ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kuhusu uso. Nilipaka alichoniagiza mwenye mashine. Aliniletea mwenyewe picha ya kutazamia, akanifunga mdomo, nami nikakubali. Hayo mengine yalikuwa yake. Wewe ni mtoto wa Ongeri, na mtoto wa Ongeri ni wangu, na unajua vizuri kwamba baba hakai na binti yake akamsimulia mambo ya wakubwa na wanawake. Kuna ensoni, ile haya kati ya mzazi na mtoto. Nikikueleza wewe hilo nitakuwa nimevua nguo sokoni.

Ninachoweza kusema ni hiki: uso una sababu. Uache.

Masese


Kisii mjini
10 Machi 2025

Kwa Tata Masese,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. Asante kwa heshima uliyonipa. Hukutaka kuniambia uongo, na umeniambia bila kuniambia.

Nimekubali kwamba baba alikuwa na mtu. Siyo wa kwanza kwetu wala wa mwisho. Kinachoniuma ni kwamba alimtafuta anayefanana na mama, mpaka na alama, halafu akamweka pale juu taa zimwakie kila siku, huku mama akilea watoto Mosocho na kuombea hiyo baa ifungwe. Nilimpenda sana baba yangu. Mpaka mwezi uliopita sikujua kwamba mtu anaweza kumkasirikia marehemu.

Mama anataka kuiona mashine. Labda anataka kumkumbuka mume wake akiwa kijana, sijui. Lakini sitamketisha mama yangu mbele ya wageni wote, mchungaji akiwa hapo, amtazame yule mwanamke akitabasamu. Nitautoa uso Jumapili hii, tarehe kumi na sita, nikiwa nyumbani peke yangu. Ile karatasi ya Nairobi imeshafika.

Usinikasirikie. Kazi yako ni nzuri. Ingekuwa mbaya ningeiacha.

Maureen


Nyaramba
14 Machi 2025

Shemeji Tryphosa,

Wewe na mimi hatujawahi kuandikiana hata mstari. Nampa Omosa, kijana wa hapa kwetu, barua hii akuletee mkononi Mosocho, kwa sababu huyo binti yako atafanya jambo Jumapili ambalo halirudishiki.

Wewe ni mke wa rika langu. Kati yetu hakuna ensoni, tumetaniana tangu ulipoolewa. Kwa hiyo ninayoshindwa kumwambia Maureen naweza kukwambia wewe, na ningekwambia zamani kama Ongeri hangeniapisha.

Unakumbuka mwaka ule mlipofunga ndoa, Ongeri alipokuwa bado anauza pombe na baba yako mzee wa kanisa hataki kupita hata upande ule wa barabara. Mwaka huo balbu ziliuunguza uso wa yule mzungu wa mwavuli mpaka ukaanguka wote. Akabaki mtu asiye na kichwa ameshika mwavuli, walevi wakawa wanamtania. Ongeri akaja kwangu na picha yako, ile mliyopiga studio pale Kisii kabla ya arusi, nywele zako ziko wazi. Akasema, "Mtie huyu." Nikamwambia, Ongeri, baba mkwe wako akisikia binti yake amewekwa baa, atamchukua na kukurudishia ng'ombe wako siku hiyo hiyo. Akasema, "Ndiyo maana hutamwambia mtu. Hata yeye mwenyewe usimwambie, maana hawezi kumficha baba yake kitu."

Ni wewe, Tryphosa. Hakuwahi kuwa mwingine.

Na kosa ni langu. Niliiegemeza picha mbele yangu, nikapaka kama ninavyoona, nikasahau kwamba napaka mgongo wa kioo. Herufi huwa nazigeuza, maana herufi ukikosea inakukatalia papo hapo. Uso hukubali pande zote, ukanidanganya. Tulipowasha taa, alama yako ilikuwa imehamia shavu la kushoto. Ongeri akasema, "Masese, huyu umenipa nani?" Nilitaka kufuta nianze upya. Akanishika mkono. Akasema, "Acha. Hivyo hata baba yake akiingia hatamjua." Halafu akahamisha kiti chake cha kaunta akakiweka mahali anapouona.

Maureen ameona alama iko upande mwingine, akaamua ni mwanamke mwingine. Mimi nikamjibu kwa mafumbo, nikaongeza kuni kwenye moto. Mzuie.

Masese Ondieki


Mosocho
16 Machi 2025

Kwa binti yangu Maureen,

Bwana asifiwe.

Nilipokupigia simu asubuhi nikakwambia usiguse kile kioo, ulisema tu, "Sawa, mama." Hukuuliza, nami sikueleza. Kuna maneno ambayo mdomo wangu hauwezi kuyasema mbele yako, ndiyo maana nimechukua kalamu. Soma ukiwa umekaa. Halafu tukionana tusizungumze juu yake mpaka nianze mwenyewe.

Omosa ameniletea barua ya Masese leo alfajiri nikikamua. Yule mwanamke ni mimi. Alama yangu iko upande ule kwa sababu Masese alipaka kwa nyuma akasahau kugeuza. Picha aliyotazamia ilipotea mwaka tulipooana, na miaka yote nilidhani ni dada yangu aliyeichukua. Tulinuniana kwa ajili hiyo.

Sasa na mimi nikwambie langu. Nilisikia habari za mwanamke wa kwenye kioo nikiwa na mimba ya kaka yako wa kwanza. Mke wa jirani alitumwa na mumewe baa, akarudi akaniambia, Ongeri ameweka msichana mzuri kwenye mashine, kila mara anamtazama. Sikwenda kuona. Sikuwa mtu wa kuingia baa, na nilikuwa na kiburi. Niliamua kwamba yupo, jina lake silijui, na sitamuuliza mume wangu, kwa sababu nikiuliza atanijibu. Baba yenu alipobatizwa na kuleta mashine nyumbani, niliifunika mwenyewe kwa blanketi nikiwa nimetazama pembeni. Mara moja baba yenu alisema, "Tryphosa, njoo nikuonyeshe kitu kwenye ile mashine." Nikamwambia nina kazi jikoni. Hakurudia tena.

Mlidhani nataka kuiona ili nimkumbuke. Nilitaka kumwona huyo mwanamke. Nilitaka nimtazame machoni, nimwambie kimoyomoyo kwamba nimemsamehe, halafu nizeeke kwa amani. Wivu nilioubeba ni mzito, mwanangu, na nilikuwa nimechoka nao.

Kwa hiyo usinikwangue. Kama umeshaanza, niambie umefika wapi.

Mama yako


Kisii mjini
18 Machi 2025

Kwa Tata Masese,

Mama ameniandikia. Nimelia dukani mbele ya wateja, wakadhani nimefiwa. Mmoja aliacha kununua dawa akaanza kuniombea.

Nisamehe nilivyokuandikia. Ulikuwa unanihifadhi, na mimi nikaona unamhifadhi baba.

Lakini njoo. Simu ya mama ilinikuta na pamba mkononi, na pamba ilikuwa imeshapita mara moja. Nilikuwa nimeanzia kwenye ile alama, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiniudhi kuliko vyote. Imetoka yote, pamoja na rangi iliyoifunika kwa nyuma. Shavu lenyewe lipo, limechubuka kidogo. Macho na mdomo viko salama, nimevipulizia vanishi mara hiyo hiyo, kidogo kama umande.

Nitakutumia gari Jumanne ijayo. Ndugu zangu wamekaa kikao, unajua walivyo. Wanasema kwa kuwa alama imefutika, Mungu ametufungulia njia. Uirudishe upande wa kulia, ulio wa kweli, wageni wamtambue mama na wajue baba alimfanyia nini. Mimi nimekubaliana nao. Mama amesema tu, "Masese akifika nitamwonyesha."

Binti yako,
Maureen


Mosocho
1 Aprili 2025

Shemeji Masese,

Bwana asifiwe, na pole na malaria. Emily alimwambia Omosa kwamba ulitaka kutoka kitandani uje kwenye ukumbusho, akakuficha viatu. Amefanya vizuri. Nakusimulia hapa ulichokosa.

Wageni walijaa mpaka shambani. Mchungaji alihubiri kwa kiasi. Baada ya chakula watoto wangu walitoa kitambaa, Haron akawasha. Nilikuwa nimeshauona uso siku ile ulipokuja, lakini ulikuwa umelazwa mezani, hauna taa, na wewe umeuinamia na miwani yako miwili. Kuuona ukiwaka ni kitu kingine. Kengele zililia, wazee walianza kujifanya hawajui mashine ile inachezwaje, na punde si punde walikuwa wamepanga foleni. Mzee mmoja wa kanisa, jina lake silitaji, alicheza kama mtu aliyeizoea miaka mingi.

Mchungaji akasimama karibu nami akaukazia macho uso. Akauliza, "Na huyu mama wa mwavuli ni nani?" Nilikuwa nimesimama hapo hapo pembeni yake, Masese, na shavu langu limemwelekea. Nikamjibu, "Ni mtu wa Ongeri, wa zamani." Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia nimekuwa mvumilivu sana. Maureen alilazimika kwenda kucheka nyuma ya jiko.

Sasa nikueleze, maana unastahili. Jumanne ile ulipoinua brashi ukaniuliza ni shavu gani, nikakuonyesha la kushoto, ulinitazama kana kwamba umri umenipanda kichwani. Ukasema, "Shemeji, leo naweza kurekebisha." Wanangu nao wakaanza kelele zao. Watu walikuwa wengi, nikashindwa kusema, nikakaza tu kidole pale pale mpaka ukatii.

Miaka yote wewe na Ongeri mlihesabu lile kuwa kosa. Ninyi mnanitazama kwa mbele, alama yangu mnaiona upande wenu. Mimi sijawahi kuuona uso wangu kwa macho yenu. Naujua wa kwenye kioo cha kujitazamia, ninapofunga kitambaa asubuhi, na kwenye kile kioo alama iko mahali ulipoiweka wewe. Siku ile ulipokiinua kioo mezani nikauona kwa mbele, ukiwa umechubuka na bila alama, nilimjua papo hapo. Watoto wangu wanamwona mgeni, mchungaji anamwona mgeni, mume wangu alimwona mgeni akamtazama hivyo hivyo. Ni mimi peke yangu ninayemfahamu. Ukiihamisha alama utawapa wao mama yao, na mimi utaninyang'anya yule msichana.

Jana wageni walipokwisha kuondoka niliomba niachwe naye kidogo, mchana kweupe, mlango wazi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumsamehe tangu zamani, nimeyapanga vizuri kama ushuhuda wa kanisani. Yote yalikosa kazi. Nikaketi kwenye kiti nikamtazama kama Ongeri alivyokuwa akimtazama kutoka kiti chake cha kaunta.

Nililala na mume wangu kitanda kimoja mpaka alipokufa, nikidhani moyo wake aliuacha mjini. Kumbe alinipenda hadharani, taa zikiwaka na kengele zikilia, mbele ya walevi wote wa Kisii, na hakuna hata mmoja aliyejua. Hata mimi sikujua. Alitaka kunionyesha, nikamwambia nina kazi jikoni.

Ugua pole.

Tryphosa